Nyumba ya Babu na Sheria ya Watu Wote

Katika somo la uraia, hakuna mada inayowachangamsha wanafunzi wangu hapa Jinja kama haki ya kumiliki mali. Wanaijua kwa ufupi wake: kilicho changu ni changu. Ninapowaambia kwamba zipo nyumba ambazo mwenyewe haruhusiwi kubomoa ukuta wala kubadilisha dirisha bila idhini ya serikali, darasa hugeuka baraza. "Basi, Mwalimu, hiyo si yake!" husema mmoja, na wenzake wakamuunga mkono. Huwa sina haraka ya kuwajibu, kwa kuwa swali hilo hilo nimelisikia likiulizwa na watu wazima, kwa sauti ya juu zaidi, chini ya dari iliyokuwa ikikaribia kuanguka.

Mama yangu mzazi ni Mwamu. Alizaliwa mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja ambayo babu aliirithi kwa baba yake. Akaolewa Uganda, nasi tukazaliwa huku kwenye kingo za Ziwa Viktoria, tukiijua Lamu kwa hadithi na kwa safari chache za basi: Malaba, Nairobi, Mombasa, kisha Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako barabara huishia na abiria hupanda mashua. Babu alipofariki, nyumba ilibaki mikononi mwa warithi wengi, na aliyeendelea kuishi ndani yake ni mama mdogo, mjane, pamoja na wajukuu wawili. Masika ya mwaka 2017 dari ya msana wa yuu ilianza kuinama. Boriti tatu zilikuwa zimeliwa na mchwa, na juu ya boriti hizo palikuwa na uzito wa mawe na chokaa ambao haupendi kungojea vikao vya ukoo.

Kabla sijafika kwenye vikao, naomba msomaji aingie nami ndani, maana pasipo kuijua nyumba yenyewe mtu hawezi kuelewa sheria inalinda nini.

Nyumba ya Waamu huanzia nje. Kwanza ni daka, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mwanamume wa nyumba huwapokea wageni wasiohitaji kuingia. Kisha mlango wa mbao wenye nakshi, kisha tekani, kipito kinachopinda makusudi ili mtu aliye njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kutoka hapo unatokea kiwandani, uwanja ulio wazi kwa jua na mvua. Upande mmoja ni sabule, chumba cha mgeni wa kulala. Upande mwingine vyumba hufuatana kama kurasa: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na nyuma kabisa nyumba kati, chumba kidogo kisicho na madirisha ambamo wanawake walijifungulia na ambamo maiti alioshwa.

Hapa mwalimu wa lugha hawezi kupita bila kusimama. "Tini" na "yuu" ni chini na juu kwa Kiamu, lakini misana hiyo miwili haiko katika ghorofa mbili. Iko sakafu moja. Ila kila unapoingia chumba cha ndani zaidi, sakafu hupanda kidaraja kimoja. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kuingia katika faragha ya wenyewe, na anayekaribishwa hadi "yuu" ni mtu wa karibu. Vivyo hivyo zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu katika ukuta wa ndani, ni vidaka tu kwa kinywa cha mtu wa Mrima au Unguja. Kiamu huweka zi- pale wengine wanapoweka vi-. Nimewahi kutumia ukuta huo mmoja kufundisha ngeli kwa kipindi kizima.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Mgeni hudhani ni mtindo wa mapambo, kumbe ni hesabu ya mti. Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko hautoi gogo refu lililonyooka la kubeba dari ya mawe. Kwa hiyo upana wa chumba, chini ya mita 3 hivi, umekadiriwa na mti wenyewe. Urefu mtu ataurefusha apendavyo. Mawe ni ya matumbawe, mengi yakitoka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Chokaa ni matumbawe yale yale yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yakae. Kwa ufupi, bahari na mikoko ndivyo vilivyoijenga, na mikono ya watu ikaongeza adabu.

Sasa sheria. Mwaka 1986 mji wa kale wa Lamu ulitangazwa katika gazeti rasmi la serikali ya Kenya kuwa eneo la hifadhi. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka ule ule ambao makaburi ya Makabaka ya Kasubi, hapa kwetu Kampala, yaliingizwa. Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi, iliyochukua nafasi ya sheria mbili za zamani. Kwa mujibu wa mpango huo, mwenye nyumba anaendelea kuwa mwenye nyumba: anaishi, anarithisha, anapangisha. Asichoweza ni kuibadilisha, kuibomoa au kuiongezea bila idhini. Hata mlango una kinga yake. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 huhesabiwa kuwa kitu kilicholindwa, na hautolewi nje ya nchi bila kibali. Mwaka huo mmoja, 1946, ulinishangaza nilipousoma mara ya kwanza. Fundi aliyemaliza mlango wake mwaka 1945 amelindwa. Mwanafunzi wake aliyemaliza wa kwake miaka mitatu baadaye, kwa patasi ile ile, hakulindwa. Sheria lazima ichore mstari mahali fulani, nami sijaona mstari usiomkata mtu.

Mjomba wangu mkubwa hakuwa na subira na mistari hiyo. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba hii babu zangu waliijenga kabla serikali hiyo haijazaliwa. Leo kijana wa ofisini aje aniambie dirisha langu liwe la namna gani?" Hoja yake si ya kupuuzwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 40, inalinda haki ya kila mtu kumiliki mali. Ya kwetu Uganda inafanya hivyo katika ibara ya 26. Lakini Katiba ile ile ya Kenya, katika ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na ya kwetu, katika lengo la ishirini na tano la malengo ya taifa, inawataka serikali na raia pamoja kuhifadhi turathi za nchi. Neno "raia" limo. Aliyeandika hakusema serikali peke yake.

Kikao cha kwanza cha warithi kilifanyika mwezi wa Agosti 2017, nami nilihudhuria kwa niaba ya mama. Nataka kueleza hesabu ya mirathi kwa sababu ndiyo iliyouma kuliko boriti. Babu alikuwa Mwislamu na mirathi yake iligawiwa kwa sheria ya Kiislamu, kupitia Mahakama ya Kadhi, ambayo ibara ya 170 ya Katiba inaipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia. Aliacha wana wawili na mabinti wanne. Bibi alikuwa ametangulia. Mwana hupata sehemu mbili, binti sehemu moja. Jumla ni sehemu nane. Kila mjomba akawa na mbili, na kila binti, mama yangu akiwemo, akawa na moja. Mjomba mdogo naye alifariki baadaye, na sehemu zake mbili zikapasuka tena kwa mjane na watoto wake, wengine Mombasa, mmoja Muscat.

Kwa hiyo mtu pekee aliyelala chini ya ile dari alimiliki sehemu moja kati ya nane. Walioweza kuuza wakalala usingizi kwao walikuwa na saba.

Na mnunuzi alikuwepo. Dalali alimleta mtu wa Ulaya, mtaratibu, aliyetoa bei ambayo kwa kila mrithi ingekuwa ada ya chuo, au paa la nyumba nyingine Mombasa, au deni lililolipwa. Tangu miaka ya 1970 wageni wamekuwa wakinunua nyumba za mawe Lamu na Shela, na si haki kuwasema vibaya wote kwa pamoja. Nimeona nyumba walizozitengeneza kwa uangalifu kuliko sisi wenyewe, zidaka zikirudishwa moja moja kama meno kinywani. Ila nyumba nyingi kati ya hizo hukaa na msimamizi miezi mingi ya mwaka. Taa haziwaki, hakuna mtoto anayetumwa dukani, na dakani hakuna anayekaa. Mji unaweza kuhifadhiwa kuta zake zote na ukakosa wa kumwitikia salamu.

Kisheria, mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele; ibara ya 65 inampa hadi miaka 99 ya kukodi, si zaidi, na hata hati za zamani za miaka mingi kuliko hiyo zilishushwa kufikia 99. Jambo hili lilimgeukia mjomba kwangu. "Na wewe je? Wewe si Mganda?" Nilifurahi kuwa swali hilo liliulizwa hadharani, kwa kuwa ni somo ninalolifundisha. Kwa Katiba ya zamani ya Kenya, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba yake tu. Mama Mkenya hakuwa na cha kumpa. Katiba ya 2010, ibara ya 14, iliondoa ubaguzi huo na kuwahusisha hata waliozaliwa kabla yake: ukiwa na mama raia, au baba raia, wewe ni raia wa kuzaliwa, popote ulipozaliwa. Mama hakuwahi kuuacha uraia wake, na nchi zote mbili sasa zinaruhusu uraia pacha. Mjomba alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema kwamba Katiba imeandikwa na watu wenye dada.

Tulikubaliana siku ya tatu, tena baada ya magomvi ambayo hayahitaji kuandikwa. Kilichoamua si ufasaha wa mtu yeyote. Mama mdogo, aliyekuwa kimya siku mbili zote, aliuliza swali moja: "Nikitoka hapa, kwa sehemu yangu ya nane nitanunua nini Lamu?" Kila aliyekuwepo alijua bei za nyumba mjini, na kila mmoja alijua jibu. Makubaliano yakaandikwa mbele ya wakili: nyumba haitauzwa mama mdogo akiwa hai, atakayechangia ukarabati, mchango wake utahesabiwa kuwa mkopo kwa nyumba, na mkopo utalipwa kwa kodi ya sabule na chumba kimoja cha ghorofani, vikipata wageni. Naipendekeza namna hii kwa familia yoyote yenye nyumba ya urithi, iwe ya mawe au ya mabati. Ugomvi mwingi wa mirathi niliouona hautokani na uchoyo. Hutokana na michango ambayo hakuna aliyeiandika.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee aliyepita miaka sabini, mwenye mazoea ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Aligonga ukuta wa msana wa tini, akagonga tena, akauliza nani alipiga lipu ya saruji. Ilikuwa kazi ya miaka ya 1990, ya fundi mwingine aliyeitwa kuziba ufa kwa haraka na kwa bei nafuu. Mzee alibandua kipande kimoja kwa mkono mtupu. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa na kuwa kama sukari guru, na chumvi imechanua juu yake nyeupe.

"Ukuta wa mawe haya hunywa maji na kuyatema," alisema. "Ukiuziba kwa saruji, hunywa usiteme."

Sijasikia maelezo bora zaidi hata kwa wahandisi. Matumbawe yana vinyweleo. Unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari huingia na kutoka, na chokaa, iliyo laini na yenye vinyweleo vile vile, huuruhusu. Saruji ni ngumu na haipitishi. Maji yakikosa njia hubaki ndani na chumvi yake, chumvi huganda na kuvimba, na jiwe humumunyika taratibu huku uso wa ukuta ukionekana mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba masharti ya kutumia chokaa, ambayo kwa mjomba yalikuwa ushupavu wa watu wa hifadhi, yalikuwa kwanza masharti ya mawe yenyewe. Ila mwananchi wa kawaida haelezwi hivyo. Huambiwa tu kwamba saruji "hairuhusiwi", naye huiona kama amri nyingine isiyo na sababu, akaipaka usiku. Raia anayejua sababu ya sheria ni mlinzi wake, na sijui kwa nini sababu hizo haziandikwi kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi mjini.

Tuliomba kibali. Tukachora michoro, maafisa wakaja kupima na kupiga picha, nao wakarudi na orodha ya yanayokubalika na yasiyokubalika. Binamu yangu alitaka ghorofa ya pili ya zege kwa ajili ya watalii, na madirisha ya alumini upande wa njia. Yote mawili yalikataliwa, nami niliafiki, si kwa kupenda ukale. Kuta zile zilijengwa kubeba zilichobeba. Isitoshe, ghorofa mpya ingechungulia kiwanda cha jirani, na katika mji ambao wanawake hufanya kazi zao kiwandani kwa kuamini kwamba hakuna jicho linalowaona, huo ni uvamizi mkubwa kuliko kuvunja ua. Mambo ya choo yalikuwa magumu zaidi. Mama mdogo ana maumivu ya magoti. Alitaka choo cha kukaa na maji ya bomba, na tangi juu. Mtu mmoja wa familia, mwenye kuishi mbali katika nyumba yenye maji ya moto, alinong'ona kwamba birika la zamani ndilo lenye asili. Birika hilo ni zuri kweli. Bibi alikuwa akiweka humo samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Lakini mzee haogi kwa asili. Choo kilikubaliwa, bomba likapitishwa pasipokata zidaka, na tangi likafichwa nyuma ya ukingo wa paa lisionekane njiani.

Kisha, Februari 2018, serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mikoko ya Lamu ilikumbwa na amri hiyo. Nyumba yetu ilikuwa imeshikiliwa na miti ya kuegemeza, dari imefunguliwa upande mmoja, na mama mdogo amehamia sabule na wajukuu wake. Angalia jinsi mambo yalivyokaa. Sheria moja yasema: tengeneza kwa boriti, usitumie zege. Amri nyingine yasema: mkoko usikatwe. Kila moja ina haki. Mikoko huzuia mmomonyoko wa pwani na ndiyo malezi ya samaki; anayeitetea hatetei upuuzi. Na vilevile chokaa yetu, tunayoisifu, imetokana na matumbawe na kuni. Wanaohifadhi majengo na wanaohifadhi misitu wote wana sababu njema, wote wana mihuri, na mahali walipokutana ni juu ya kitanda cha mwanamke mwenye umri wa miaka 68. Nimewapa wanafunzi wangu kisa hiki zaidi ya mara moja na kuwaomba waandike hukumu. Hawajakubaliana mpaka leo.

Suluhisho la kwetu lilikuwa la fundi. Alijua gofu moja upande wa nyuma wa mji, nyumba iliyoanguka miaka mingi, ambayo wenyewe walikuwa tayari kuuza boriti zilizobaki. Maafisa walikagua, wakaruhusu. Kati ya boriti ishirini na kitu tulizozitazama, kumi na moja zilikuwa nzima. Fundi alizigonga moja moja kama alivyogonga ukuta. Punda walizileta kupitia vichochoro ambavyo gari halijawahi kupita, mbili mbili, huku mwenye punda akipiga kelele watu wapishe. Zilitosha msana wa yuu. Chumba cha ghorofani kilisubiri.

Gharama sitazitaja kwa tarakimu, kwa heshima ya ndugu. Niseme tu kwamba dari ya boriti na chokaa, pamoja na siku za fundi, ilitugharimu zaidi ya ile ya zege tuliyokadiriwa mwanzoni, na kwamba hatukupata senti kutoka kwa mtu wala mfuko wowote. Wengi hudhani jina la "Urithi wa Dunia" huja na fedha. Halitoi fedha za kutengenezea paa la mtu. Mtalii hupiga picha ya mlango bure. Hoteli huweka picha hiyo katika tangazo lake bure. Nchi hujivunia mji wake bure. Na mwenye mlango hununua chokaa. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaotetea uhifadhi kwa maneno matupu. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya linaitaja minara na majengo ya kale yenye umuhimu kwa taifa kuwa kazi ya serikali kuu. Ikiwa umuhimu ni wa taifa, basi na mzigo uwe na sehemu ya taifa: chokaa ya bei ya ruzuku, nafuu ya kodi kwa anayetengeneza, mikopo isiyo na riba, mgao wa mikoko uliotengwa kwa ajili ya ukarabati pekee na kusimamiwa vizuri. Sheria inayomzuia mtu kutengeneza vibaya bila kumsaidia kutengeneza vizuri humwachia njia ya tatu, nayo ni kuiacha nyumba ianguke. Gofu tulilonunulia boriti ni ushahidi, nasi tulinufaika nalo.

Wasomaji wangu wa Uganda wasidhani haya ni ya Pwani tu. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya Kasubi, na kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, kwa sehemu kwa sababu iliyoungua haikuwa nyasi na miti tu, bali pia ujuzi: nani anaezeka, wa ukoo gani, kwa mwiko upi. Sheria yetu ya makumbusho ya kihistoria ilikuwa ya mwaka 1967, na tuliishi nayo zaidi ya nusu karne hadi ilipopatikana sheria mpya mwaka 2023. Na hapa Jinja, ukitembea barabara kuu ukatazama juu ya vibao vya maduka, utaona miaka iliyochongwa kwenye kuta za wafanyabiashara wa Kihindi wa kabla ya uhuru. Kila mwaka naona chache zaidi. Wanafunzi wangu wakipita hapo huniuliza majengo hayo ni ya nani, nami huwataka waanze kwa kuuliza ni nani aliyefukuzwa humo mwaka 1972. Somo hilo ni refu, nitaliandika siku nyingine.

Dari ya msana wa yuu imevuka masika kadhaa sasa bila kuvuja. Mjomba, aliyetaka kuuza, ndiye anayewaonyesha wageni wa sabule zidaka na kuwaeleza habari ya 1946, akiongeza chumvi yake. Kilichobaki ni wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya njia kama daraja, kikiunganisha ghorofa yetu na ya nyumba ya ng'ambo. Kimepata ufa. Nyumba hizo mbili zilikuwa za ndugu wawili zamani. Leo jirani si wa ukoo wetu, na katika hati zake wikio halimo. Katika hati zetu pia halimo. Tumempelekea barua kuomba tukutane baada ya Ramadhani, pande zote mbili, pamoja na fundi, kwa kuwa chini ya wikio hilo watoto hupita kila siku kwenda madrasa, nao hawajui ni la nani.